Somo: Planta (mashine ya kupandia mbegu) inayofuata matuta na mabonde ya shamba, hatua kwa hatua

Tangu mvua za kwanza, swali ni lile lile: "Fundi, planta yangu inapanda vizuri tambarare, ikifika kwenye matuta ya mihogo ya mwaka jana mistari mingine inaachwa juu juu na mingine inazikwa." Nimelijibu kwa simu, sokoni na karakanani. Leo naliandika lote. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Chanzo ni kimoja. Umechomelea visu, vile vinavyofungua mfereji wa mbegu, moja kwa moja kwenye boriti. Boriti ni chuma kimoja kilichonyooka cha mita 2, na ardhi iliyo chini yake haijanyooka. Tairi moja ya trekta ikipanda tuta, boriti nzima inalala upande. Ufuta unataka kina cha sentimita 2 hadi 3. Ukiuzika 6 hautoki, ukiuacha juu unaliwa na ndege au mvua inauosha. Kwa hiyo kila mstari uwe na kichwa chake, yaani kisu na magurudumu yake, kinachopanda na kushuka peke yake, na kina kipimwe na gurudumu linalogusa ardhi pale pale mbegu inapoangukia. Trekta kazi yake ni kuvuta. Isipime kina.

Vitu vya kichwa kimoja: flati ba ya 50 × 10 mm, vipande 4 vya mm 460. Bamba la mm 10, vipande 4 vya kubebea pini (2 mbele, 2 nyuma). Nondo laini ya mm 16 ya pini 4, bushi 8 zenye nipeli za grisi, yubolti (bolti za umbo la U) 2, springi ya kuvuta 1, magurudumu 2 ya kina na 1 la kushindilia udongo juu ya mbegu, yote ya kipenyo cha mm 300. Kisu tengeneza kwa springi pati (springi ya bamba) kuukuu ya lori, chuma chake kinahimili mchanga kuliko bamba la kawaida. Boriti ni skwea paipu ya 75 × 75, unene mm 5. Ufuta wa sentimita 50 kati ya mistari, vichwa vinne vinatosha kwenye boriti ya mita 2.

1. Pima shamba kwanza. Vuta kamba mita 2 kukata upana wa trekta, pima bonde refu zaidi chini ya kamba. Likiwa chini ya sentimita 1 popote, huhitaji somo hili.

2. Kata chuma.

3. Toboa. Mikono minne (vile vipande vya flati ba) ni miwili ya juu na miwili ya chini, na umbo lake ni msambamba, pande zinazotazamana zikiwa sawa: tundu hadi tundu mm 400 kwa kila mkono, na mm 180 kati ya pini ya juu na ya chini, mbele na nyuma. Ni kwa sababu ya msambamba huo kichwa kinapanda na kushuka bila kuinamisha pua. Usipime mkono mmoja mmoja kwa tepu. Panga flati ba zote nne pamoja, zibane kwa klempu mbili, toboa tundu la kwanza kupita zote, tia bolti ukaze, ndipo utoboe la pili. Mabamba fanya vivyo hivyo. Mikono ya juu ikiwa mifupi kwa mm 5 tu, kichwa kinainama karibu digrii moja na nusu, na gurudumu la kushindilia lililo mm 500 nyuma linapotea kwa mm 14 hivi. Kwa mahindi utasamehewa. Kwa ufuta hiyo ni nusu ya kina chote. Na wa kushoto ukitofautiana na wa kulia, pini zinabana, kichwa kinakwama juu ya tuta na hakirudi.

4. Chomelea bushi pini zikiwa ndani. Piga nukta kwanza, geuza, nukta upande wa pili, ndipo ujaze. Ukijaza upande mmoja kwa pupa, joto linavuta chuma na kazi yote ya hatua ya 3 imepotea. Unganisha mikono miwili ya chini kwa bomba la kukingama katikati ili kichwa kisijipinde.

5. Springi. Someni hapa polepole, maana hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza, na ndipo wengi wanapoharibu.

Springi inafungwa kwa mshazari, kona hadi kona, ndani ya msambamba. Mishazari ni miwili, na inafanya kazi kinyume. Kutoka PINI YA CHINI MBELE kwenda PINI YA JUU NYUMA, springi inavuta kichwa chini. Kutoka juu mbele kwenda chini nyuma, inakinyanyua. Kwa kuitazama mishazari yote miwili inafanana, na ukisimama karakanani huwezi kuona kosa, kwa sababu kichwa kinakaa sawa tu. Utaliona shambani: mbegu juu ya udongo, nawe unadhani kisu ni butu. Pima kwa tepu kabla ya kufunga. Kwa vipimo vyangu, mshazari sahihi ni mm 439 mikono ikiwa mlalo, mm 496 kichwa kikiwa juu sentimita 15, na mm 372 kikiwa chini sentimita 15. Unaporefuka kichwa kikipanda, umepata. Unapofupika kikipanda, umekosea, hamisha.

Maonyo. Springi ikiwa huru, ndoano hadi ndoano, iwe fupi kuliko mm 372, la sivyo kichwa kikishuka bondeni inalegea na kuchomoka. Iweze kuvutika hadi 500 na kurudi ilivyokuwa. Na usidhani kilo 25 za springi ni kilo 25 ardhini: mikono ikiwa mlalo, ardhi inapata kama kilo 10 tu. Lakini kuna uzuri wake. Kichwa kikipanda, springi inavuta zaidi huku mshazari ukipoteza nguvu ya kukandamiza, basi mgandamizo haurukiruki sana kati ya tuta na bonde. Nguvu ya springi pimeni kwa mizani ya kuning'inia, ile ile ya kupimia korosho.

6. Kimo cha boriti. Visu vikiwa kwenye kina cha kazi, mikono iwe mlalo. Boriti ikiwa juu mno, mikono inashuka kuelekea nyuma, na trekta ikivuta inakinyanyua kichwa. Ikiwa chini mno, inakizamisha. Watu wanaongeza mawe kumbe tatizo ni boriti.

7. Magurudumu ya kina yakae ubavuni mwa kisu, moja kila upande. Yasiwe mbele. Yakiwa mbele sentimita 30, yanapanda tuta wakati kisu bado kiko bondeni, kwa hiyo kisu kinatoka ardhini. Yakishuka upande wa pili, kisu kinazama. Yafunge kwenye mkono wa mizani wenye pini katikati: gurudumu moja likikanyaga kisiki cha sentimita 4, kichwa kinapanda 2 tu.

8. Weka kizuizi. Cheni fupi au bolti ya kukomesha, ili trekta ikinyanyua boriti kichwa kisining'inie zaidi ya sentimita 15. Bila hivyo utaburuza visu kwenye tuta la barabara ya shamba.

9. Jaribu. Sakafuni, weka tofali chini ya magurudumu ya kichwa kimoja na pima maji juu ya kichwa: povu lisihame. Shambani, endesha mita 20, simama mashine ikiwa kazini, jaribu kuzungusha gurudumu la kina kwa mkono. Lizunguke kwa kukataa kidogo. Likizunguka kirahisi, kaza springi. Likigoma kabisa, legeza. Kisha fukua mbegu sehemu tatu, juu ya tuta, mteremkoni na bondeni, pima kwa rula. Tofauti ikizidi sentimita 1 kwa ufuta, rudi hatua ya 6 kabla ya kugusa kitu kingine.

MASWALI

Kijana wa Masasi: Mkuu somo zuri. Kwa hiyo springi inafungwa wapi?

Mleta somo: Hatua ya 5.

Mkulima Liwale: Mimi nimeweka mawe ya kilo 40 kila kichwa na bado mbegu ziko juu. Nadhani ufuta wa huku mashine haifai.

Mleta somo: Mashine inafaa. Boriti yako iko kimo gani kutoka ardhini, na mikono inaelekea wapi ukiwa kazini?

Mkulima Liwale: Sijapima. Mikono inashuka nyuma kidogo.

Mleta somo: Basi ndiyo hiyo. Toa mawe, shusha boriti mpaka mikono iwe mlalo, fukua upya. Kilo 40 zikishaanza kufanya kazi zitakuzikia mbegu na kushindilia udongo juu yake.

Chuma Chakavu: Kwa heshima zote fundi, mikono minne ni kupoteza chuma. Mimi natumia mkono mmoja wenye pini moja, kichwa kinapanda na kushuka vizuri tu.

Mleta somo: Kinapanda na kushuka, ndiyo, lakini kwa kuinama. Mkono wako una urefu gani?

Chuma Chakavu: Sentimita 60.

Mleta somo: Kikipanda sentimita 15, kichwa kinainama digrii 14 na nusu. Kisu kinabadilisha pembe ya kuingia ardhini, na gurudumu la kushindilia linanyanyuka au kuzama. Kwa mahindi ya kina cha sentimita 5 unaweza usione. Panda ufuta wa Lindi 02 kwa mkono huo, fukua, ulete vipimo hapa, nitavisoma kwa moyo mweupe.

Mama Shamba Ruangwa: Shikamoo fundi. Shamba langu nusu ni mchanga mwekundu, nusu ni udongo mweusi wa mbugani. Magurudumu yakizama kwenye mchanga, si kina kitaongezeka hata kama nimepima sawa karakanani?

Mleta somo: Marahaba mama. Kitaongezeka, tena hilo ndilo watu hawalioni. Kina unachopima kwenye sakafu ya saruji si kina cha shambani. Gurudumu la upana wa mm 60 likizama sentimita 1 kwenye mchanga, kisu kimezama sentimita 1 zaidi. Fanya mambo mawili. Kwa upande wa mchanga tumia magurudumu ya upana wa mm 100, uzito unasambaa. Na pini ya kurekebisha kina iwe na matundu ya nusu sentimita, uweke alama mbili za rangi: moja ya mchanga, moja ya mbuga. Springi nayo ilegeze kwenye mchanga. Udongo mweusi shida yake ni kunata, funga kikwaruzo cha bamba jembamba kwenye kila gurudumu, kiache mwanya wa mm 2.

Mama Shamba Ruangwa: Asante sana. Na sahani ya mbegu, ile yenye matundu ya kudondoshea mbegu, izungushwe na gurudumu lipi? La kina linanyanyuka nyanyuka.

Mleta somo: La kushindilia. Kipenyo mm 300 ni mzingo wa sentimita 94, kwa hiyo sproketi zenye meno sawa na sahani ya matundu 9 zinakupa mbegu kila sentimita 10 na nusu. Matundu 3 ni mahindi ya sentimita 31. Kisha pima kuteleza: kwa mita 20 gurudumu linapaswa kuzunguka mara 21 na kidogo. Ukihesabu 19 limeteleza asilimia 10, mimea yako itakuwa mbali kwa kiasi hicho. Chomelea vijino vya nondo vya mm 8 kwenye gurudumu, viwe 12.

Kijana wa Masasi: Naomba mchoro.

Mleta somo: Vipimo vyote vipo. Chora mwenyewe kwa chaki sakafuni, kwa ukubwa halisi. Ndivyo utakavyoiona springi.

Pawatila Nanyumbu: Naomba kujua kama hii inaingia kwenye pawatila (trekta dogo la mkono).

Mleta somo: Vichwa viwili, si vinne. Funga boriti ya sentimita 80 kwenye bamba la nyuma, na mkono wa kunyanyulia kwa kukanyaga maana pawatila nyingi hazina haidroliki ya nyuma. Springi iwe laini zaidi: ukikandamiza vichwa mno, unayapunguzia uzito matairi ya pawatila nayo yanateleza.

Mkulima Liwale: Nimeshusha boriti. Juu ya tuta kina ni sentimita 2.5, bondeni 3. Samahani kwa ukali wa jana.

Mleta somo: Vizuri sana. Hiyo ni kazi.

Dada Mikorosho: Kati ya mikorosho kuna mizizi iliyojificha. Kisu kikinasa si kitang'oa kila kitu?

Mleta somo: Kitang'oa. Mizizi na visiki ndivyo vilivyovunja zana za mpango wa karanga wa Waingereza kule Kongwa, miaka ya 1940, na hizo zilikuwa nyuma ya matrekta makubwa. Kisu chako kishikwe na bolti mbili: ya juu ngumu ya mm 12, ya chini laini ya mm 8. Kikinasa, ya mm 8 inakatika, kisu kinarudi nyuma, mashine inabaki nzima. Beba bolti 20 mfukoni. Usije ukaweka ya mm 12 mahali pa ile laini kwa sababu umechoka kubadilisha.

Chuma Chakavu: Nyongeza kwa wote: ufuta changanyeni na mchanga mkavu, unashuka vizuri.

Mleta somo: Kwa kumwaga kwa mkono, sawa kabisa. Kwenye sahani, hapana. Mchanga unakula matundu, na kipimo cha mbegu kinaharibika.

Chuma Chakavu: Hapo nimekuelewa. Na grisi? Wengine wanasema kwenye mchanga usipake kabisa.

Mleta somo: Swali zuri. Grisi ikichanganyika na mchanga inasaga pini kama msasa, hapo wana haki. Lakini dawa si kuacha kavu. Pampu kila asubuhi mpaka grisi ya zamani yenye mchanga itoke pembeni, kisha ifute yote kwa kitambaa. Ndani ibaki safi, nje kusiwe na kitu cha kunasa vumbi. Pini ikianza kucheza kiasi cha kusikika ukiitikisa kwa mkono, badilisha bushi. Usijaze kwa kuchomelea.