Jinsi ya kukokotoa umbali na muda wa safari ya ndege kati ya miji miwili ya mbali

Iache ramani ya ukutani. Dunia ni mviringo, kwa hiyo mstari unaoonekana umenyooka kwenye karatasi mara nyingi ndio njia ndefu. Ndege ya London kwenda New York huonekana kwenye ramani kama imepotea njia kuelekea kaskazini, kumbe hapo ndipo penye mkato.

Ukiwa na tufe la dunia lenye kipenyo cha sentimita 30, kaza uzi kati ya miji hiyo miwili uupime kwa rula. Sentimita moja ni kama kilomita 425. Uzi wa London–New York hutoka sentimita 13, yaani takriban kilomita 5,525. Si haba kwa uzi.

Kwa hesabu kamili, chukua latitudo na longitudo za viwanja vya ndege vyenyewe, si za katikati ya jiji: Heathrow ya London ni 51.47 kaskazini, 0.45 magharibi, JFK ya New York ni 40.64 kaskazini, 73.78 magharibi. Longitudo zinatofautiana kwa 73.33. Kisha, d ikiwa pembe kati ya viwanja hivyo viwili ukivitazama kutoka kitovu cha dunia:

cos d = (sin 51.47 × sin 40.64) + (cos 51.47 × cos 40.64 × cos 73.33)

Utapata 0.6451, ambayo ni pembe ya nyuzi 49.83. Zidisha kwa 111.2, yaani kilomita za kila nyuzi moja: kilomita 5,540 hivi.

Jibu likija la ajabu, angalia kwanza kama kikokotoo kimewekwa kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe) badala ya nyuzi. Kosa jingine ni kuandika 51°28′ kama 51.28, dakika hugawanywa kwa 60, hivyo ni 51.47. Mji mmoja ukiwa mashariki ya Greenwich (longitudo 0) na mwingine magharibi, longitudo hujumlishwa. Latitudo ya kusini huwekewa alama ya kutoa.

Sasa muda. Ndege kubwa ya abiria ikishatulia angani huenda kama kilomita 900 kwa saa: 5,540 ÷ 900 ni saa 6 na dakika 9. Ongeza dakika 30 hadi 40 za kupaa, kushuka na kutambaa uwanjani. Halafu kuna upepo wa juu, unaovuma kutoka magharibi. Ukiikabili ndege kwa kilomita 100 kwa saa, kasi inabaki 800 na safari inafika saa 6 na dakika 55 kabla ya nyongeza. Ukiisukuma, ni saa 5 na dakika 32. Ndiyo maana kurudi London ni haraka kuliko kwenda.

Anga iliyofungwa nayo huvuruga hesabu. Tangu 2022 mashirika mengi ya Ulaya hayapiti juu ya Urusi, na London–Tokyo, iliyokuwa ya saa 12 hivi, imesogea hadi 14.

Usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika moja kwa moja, maana tiketi huonyesha saa za kila mji. Kuondoka London 11:00 na kufika New York 14:00 si saa 3. Ongeza tofauti ya saa 5, upate 8. Mwezi Machi Marekani husogeza saa zake wiki mbili au tatu kabla ya Uingereza, na kwa siku hizo tofauti ni saa 4 tu.