Somo: Kuamsha injini ya mvuke ya shambani, kuanzia maji baridi hadi ngano kupurwa

Ukiona picha za yale matrakta ya zamani yenye dohani ndefu, unaweza kudhani kazi kubwa ilikuwa kuchochea moto. Moto ni kazi ya kijana. Dereva mwenyewe macho yake yalikuwa kwenye maji, na utaona karibu kila hatua inaturudisha huko.

Kwanza tujue mashine yenyewe. Mwaka 1812 Richard Trevithick aliunda injini ya kupuria nafaka kwa ajili ya shamba la Trewithen, Cornwall, Uingereza. Hiyo ilisimikwa mahali pamoja. Baadaye zikaja za magurudumu, ila zilivutwa na farasi, kichekesho kweli: mashine yenye nguvu kuliko farasi wote wa kijiji inasubiri farasi waje waihamishe. Thomas Aveling wa Rochester ndiye aliyeunganisha injini na magurudumu ya nyuma kwa mnyororo mwaka 1859, ikatembea yenyewe. Kule Marekani, kampuni ya J.I. Case ya Racine, Wisconsin, ilitoa injini yake ya kwanza mwaka 1869.

Boila yake, yaani tangi la chuma la kuchemshia maji, imelala, kama ya garimoshi. Nyuma kuna sanduku la moto, limezungukwa na maji ubavuni na juu. Moshi hupita ndani ya mabomba mengi membamba yaliyozama majini, hadi kwenye dohani mbele. Silinda, ambamo mvuke unasukuma pistoni, iko juu ya boila, na ubavuni kuna flaiwili, gurudumu kubwa zito la kuvalisha mkanda.

Hatua ya 1: Angalia maji kabla ya kiberiti. Kuna kioo chembamba kilichosimama wima nyuma ya boila. Usikiamini kwa kukitazama tu. Funguo zake zinaziba kwa chumvi na kutu, kioo kikakuonyesha maji ya jana wakati boila ni tupu. Fungua kijibomba cha chini, maji yamwagike, funga, kisha tazama kama yanapanda upesi. Yakipanda kwa kusitasita, zibua kwanza.

Hatua ya 2: Safisha. Toa majivu, pitisha brashi kila bomba la moshi. Masizi yanazuia joto. Utachoma makaa mengi upate mvuke kiduchu.

Hatua ya 3: Washa polepole. Vitambaa vyenye mafuta, kuni kavu, halafu makaa kidogo kidogo. Injini iliyolala baridi usiku kucha ilihitaji saa mbili au zaidi. Anayeharakisha anaharibu: bati la karibu na moto linatanuka, la mbali bado baridi, ribiti, yaani misumari inayounganisha mabati, zinaanza kuvuja.

Hatua ya 4: Mafuta. Wakati maji yanachemka, dereva hakai. Kila beringi ina kikombe chake cha oili, na ndani yake utambi wa sufu unaonyonya oili na kuidondosha kwenye shafti tone kwa tone. Jioni utambi unatolewa ili oili isiishe bure, asubuhi unarudishwa. Hapa ndipo ulipomjua fundi na mbabaishaji: fundi alipapasa kila beringi kwa kiganja, akajua ipi jana ilipata joto.

Hatua ya 5: Mvuke ukipanda. Ukishapata presha kidogo, fungua kibomba kinachorusha mvuke ndani ya dohani; unavuta hewa, moto unanguruma. Injini nyingi za namna hii zilifanya kazi kwenye pauni 100 hadi 180 kwa inchi ya mraba. Tairi la gari dogo lina kama 30, na hakuna anayependa kusimama karibu likipasuka. Hakikisha vali ya usalama inafunguka yenyewe, na kwamba njia zote mbili za kuingiza maji, pampu na injekta (inayosukuma maji kwa nguvu ya mvuke), zinafanya kazi. Moja ikifa katikati ya kazi, nyingine ndiyo inayokuokoa.

Hatua ya 6: Pasha silinda moto. Mvuke wa kwanza ukiingia kwenye chuma baridi unageuka maji, na maji hayashindiliki. Pistoni ikiyagonga, kifuniko cha silinda kinapasuka. Kwa hiyo fungua vijibomba vya chini ya silinda, ruhusu mvuke kidogo, zungusha flaiwili taratibu mpaka kinachotoka kiwe mvuke mkavu. Ndipo ufunge.

Hatua ya 7: Nenda shambani, upange mashine. Safari nayo ilikuwa na vituko vyake. Kuanzia 1865 sheria ya Uingereza ilitaka mtu atangulie kwa miguu na bendera nyekundu, na mwendo usizidi maili 4 kwa saa, mjini 2. Ukifika, egesha injini mbali na mashine ya kupura, mkanda mrefu kati yao, kwa sababu cheche za dohani na mabua makavu havipatani. Tazama upepo unaelekea wapi. Kisha hakikisha injini imekaa sawa. Ikiinama, maji yanakimbilia upande mmoja na bati la juu ya moto linaweza kubaki wazi hata kama kioo kinasema yapo.

Hatua ya 8: Pura. Mtu wa juu anakata kamba ya mganda, anaulisha kwenye ngoma inayozunguka kwa kasi. Ngano inatoka upande mmoja ndani ya magunia, mabua upande mwingine, makapi chini, vumbi kila mahali. Dereva anasikiliza. Mganda mnene ukiingia, mlio wa dohani unakuwa mzito, gavana, yaani kidhibiti mwendo cha injini, inafungua mvuke zaidi. Makaa yanaongezwa kidogo, mara kwa mara, na maji vivyo hivyo. Ukimwaga maji mengi ya baridi kwa mkupuo, presha inaanguka na wapuraji wote wanakugeukia.

Hatua ya 9: Jioni. Acha moto ufe wenyewe, jaza maji juu zaidi ya kawaida maana yakipoa yanapungua, funga mlango wa majivu, funika dohani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu shikamoo. Kama ina nguvu hivyo, kwa nini isivute plau moja kwa moja?

Marahaba, mwanangu. Kwenye mbuga kavu za Marekani na Kanada ilivuta. Uingereza ilishindikana kwa sababu ya uzito: tani kumi na kitu juu ya udongo wenye maji zinaushindilia, au zinazama. John Fowler, ambaye kampuni yake ilikuwa Leeds, alipata dawa. Injini haiingii shambani, inavuta plau kwa kamba ya chuma, na mwaka 1858 akapata zawadi ya pauni 500 ya chama cha kifalme cha kilimo. Mtindo uliokuja kupendwa ni wa injini mbili, moja kila ukingo wa shamba, kila moja na pipa la kukunjia kamba chini ya tumbo lake. Plau ina majembe pande mbili na inabembea: ikifika mwisho haigeuzwi, upande mmoja unashuka, mwingine unapanda, inavutwa kurudi. Madereva walipeana ishara kwa filimbi. Mimi naona hakuna mashine ya mvuke ya shambani iliyobuniwa kwa akili kuliko hii. Hata Misri ilifika: Mjerumani Max Eyth alikwenda huko miaka ya 1860 kusimamia mashine za Halim Pasha, mwana wa ukoo wa watawala wa Misri, wakati pamba ilipopanda bei kwa sababu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani.

Swali: Mkuu, nikitazama kioo nikakuta maji hayaonekani kabisa, si niongeze haraka?

Hapana! Bati lililo juu ya moto likikosa maji linakuwa jekundu na laini. Ua moto kwanza, umwagie udongo au majivu mabichi, na watu waondoke. Ndani ya bati hilo kuna kizibo chenye madini laini ya risasi, ambacho huyeyuka mvuke ukashuka juu ya moto, lakini nacho kikiwa na magamba ya chumvi kinaweza kuchelewa. Hatari si mvuke peke yake. Maji ya boila ni ya moto kupita kiwango cha kuchemka. Chuma kikipasuka, lita moja inaweza kufuka ikawa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Mwaka 2001 injini ya Case ililipuka kwenye viwanja vya maonyesho vya Medina, Ohio, watu watano wakafa. Maji yalikuwa pungufu, na bati la juu ya moto lilikuwa limechakaa.

Swali: Kwetu Afrika mbona hazikuenea mashambani?

Zilikuwepo zilizosimama mahali pamoja. Viwanda vya mkonge vya Tanga enzi za Wajerumani viliendesha mashine za kukwangua majani kwa mvuke. Za kutembea ndizo zilizoshindwa na maji na njia. Nenda Swakopmund, Namibia, utaikuta moja ya tani 14. Luteni Edmund Troost, afisa wa jeshi la Wajerumani, aliileta 1896 avushe mizigo jangwani badala ya ng'ombe. Ikazama mchangani, ikanywa maji ambayo hayakuwepo, na 1897 ikasimama moja kwa moja. Watu wakaiita Martin Luther, jina la mwanamatengenezo wa kanisa wa Ujerumani, kwa maneno anayosemekana aliyasema: hapa nimesimama, siwezi vinginevyo.

Swali: Dada yenu wa Mbarali hapa. Mabua ya mpunga yangefaa badala ya makaa?

Yangefaa, dada. Ransomes wa Ipswich waliuza injini za kuchoma mabua kwenye nchi za ngano zisizo na makaa, Urusi zikiwemo. Shida ni kwamba mabua yanawaka na kuisha papo hapo, hivyo mtu mmoja anasimama mlangoni kutwa nzima akilisha, hana hata nafasi ya kunywa maji. Majivu ya mpunga nayo ni mengi na magumu. Weka brashi ya mabomba karibu, na usisubiri kesho kuyasafisha.