Una kisukari na jogoo hapandi mtungi? Anzia hapa

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kisukari, Tanga. Wazee wengi huniletea jambo hili wakiwa wameshaaga, kadi mkononi, mkono mwingine kwenye kitasa: "Mwanangu, na kule kwingine je?" Vijana hawaulizi kabisa, nao ndio wanaonihuzunisha zaidi.

Hujarogwa, wala uanaume wako haujakwisha. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu na mishipa midogo ya damu, na uume unaitegemea yote miwili ili usimame. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mara nyingi huonyesha shida mapema. Ndiyo maana ukitueleza habari hii tunapima presha na mafuta kwenye damu, tunakuuliza kama kifua kinabana ukipanda mlima. Usidhani tunakwepa swali lako.

Siku ya kliniki, sema mara tu unapokaa kwenye kiti: "Daktari, nina shida ya nguvu za kiume." Inatosha. Kama chumba kina watu, omba faragha, utapewa nafasi. Uje umeshajijibu: ilianza ghafla au polepole? Alfajiri ukiamka husimama? Hamu ipo? Sigara na pombe je? Dawa zako zote zibebe kwenye mfuko, na za presha pia, kwa sababu baadhi yake, kama atenololi, zinaweza kuchangia. Lakini usiziache kwa uamuzi wako. Presha ikipanda inaharibu mishipa ileile. Mwachie daktari abadilishe.

Vidonge vya sildenafili huwasaidia wengi wetu wenye sukari, ingawa si wote. Humezwa kama saa moja kabla, kisichozidi kimoja kwa siku. Ukishiba biriani la mafuta kitachelewa, na bila hamu na kupapasana hakifanyi kitu. Sasa nisikilize vizuri: ukitumia dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, au yoyote ya jamii ya naitreti, usikiguse. Presha inaweza kuporomoka ukafa. Hapo ndipo ninapoogopa vumbi la Kongo na asali za stendi, zinazouzwa kama dawa za nguvu za kiume. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimewahi kukuta sildenafili ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili, bila kuandikwa popote. Unadhani umekunywa mizizi. Supu ya pweza sina ugomvi nayo, kunywa, ila haizibui mshipa.

Vidonge vikishindwa, bado kuna pampu ya kuvutia damu kwenye uume na sindano maalumu, kwa maelekezo ya daktari.

Kama unachoma insulini au unameza kidonge cha sukari kiitwacho glibenklamidi, kumbuka tendo la ndoa ni kazi ya mwili na sukari inaweza kushuka. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, acha, pima. Mashine ikisoma chini ya 4 (mmol/L), koroga sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15. Glasi na sukari viwe karibu na kitanda, na mkeo azijue dalili hizo.

Mkeo ndiye unayemficha zaidi, nawe unajiumiza. Wake wanaokuja kliniki huniambia walikuwa na hakika mume ana nyumba ndogo: harudi mapema, anageukia ukutani, anakasirika akiguswa. Mwambie, "Mama fulani, ni sukari, si wewe." Mje pamoja siku moja. Nimeona ndoa zikipumua kwa sentensi hiyo kabla hata ya kidonge.

Mengine ni ya kawaida, lakini yana kazi: kutembea kwa miguu nusu saa kwa siku, kuacha sigara, na kipimo cha sukari ya miezi mitatu kushuka, kwa wengi wetu, chini ya asilimia 7. Usitegemee mabadiliko ndani ya wiki.

Govi likiwasha na kuweka utando mweupe, mara nyingi ni fangasi, na tiba ipo. Ukifika kileleni manii yasitoke, mkojo ukafuata wenye ukungu, huenda yamerudi kwenye kibofu. Hayakudhuru, lakini kama mnatafuta mtoto, sema.