Kuchapa kwa Kasi kwa Kutumia Vitufe vya Mkato

Mtu anayechapa nyaraka kwenye steshenari ya Moshi mjini, huku mteja amesimama pembeni akisubiri barua yake, hapotezi muda mwingi katika kupiga herufi zenyewe. Muda wake huliwa na mkono unaoacha kibodi, ukashika kipanya, ukatafuta kitu kwenye menyu, kisha ukarudi kutafuta mahali pake. Vitufe vya mkato, yaani kitufe au vitufe unavyobonyeza pamoja ili kuamuru kazi bila kipanya, huondoa safari hizo. Maelezo haya yanahusu kompyuta zenye Windows, hasa programu za Word na Excel. Anayetumia Mac ataweka Command mahali pa Ctrl katika mikato mingi, ingawa si yote.

Ctrl+C ya kunakili, Ctrl+X ya kukata na Ctrl+V ya kubandika zinafahamika kwa wengi. Utaratibu wenyewe wa kukata na kubandika ulibuniwa na Larry Tesler na wenzake katika kituo cha utafiti cha Xerox huko California, miaka ya 1970. Isiyofahamika sana ni Windows+V, iliyoingia katika Windows 10 mwaka 2018, ambayo hufungua orodha ya vitu ulivyonakili karibuni ili uchague cha kubandika. Mara ya kwanza kompyuta itakuomba uiwashe. Humfaa sana anayejaza jina la shule na anwani ileile katika barua nyingi. Hata hivyo, kwenye kompyuta inayotumiwa na wateja, orodha hiyo inaweza kubaki na nywila ya mtu, kwa hiyo ifute kabla ya mwingine kukaa.

Kwa maoni yangu, mikato inayookoa muda zaidi ni ile ya kusogea ndani ya maandishi, nayo ndiyo inayopuuzwa. Ukishikilia Ctrl na kubonyeza mshale wa kulia au wa kushoto, kasa, yaani kijistari kinachoonyesha mahali unapoandika, huruka neno zima badala ya herufi moja. Home hukupeleka mwanzo wa mstari, End mwisho wake, na Ctrl+Home mwanzo wa waraka wote. Ukiongeza Shift kwenye mkato wowote kati ya hiyo, maandishi unayoyapita huchaguliwa. Tuseme ofisi ya utalii ya Arusha ina ratiba yenye mstari usemao «Siku ya tatu: Tarangire hadi Karatu», na wageni wameamua kulala Ngorongoro. Kasa ikiwa popote katika mstari huo, bonyeza End, kisha Ctrl+Shift pamoja na mshale wa kushoto mara moja, halafu andika jina jipya. Kufuta neno lililo nyuma ya kasa, tumia Ctrl+Backspace.

Jina likijirudia katika kurasa nyingi, Ctrl+H hufungua kidirisha cha kulitafuta na kulibadilisha lote kwa pamoja, lakini hapa haraka ina hatari. Ukiamuru «Same» liwe «Rombo» bila kuweka alama kwenye chaguo la kutafuta neno zima peke yake, kompyuta itaingilia hata maneno mengine, na «msamehe» litageuka «mRombohe». Ctrl+Z itatengua kosa hilo, mradi umeliona kabla ya kuchapisha.

Katika Excel, chukua mfano wa orodha ya michango ya harusi. Ctrl na mshale wa chini hukufikisha mwisho wa safu ya majina, Ctrl+; huandika tarehe ya leo, na Alt+= iliyobonyezwa chini ya safu ya fedha huandaa jumla, kisha unabonyeza Enter. Jumla hiyo huanza kuhesabu chini ya kisanduku kitupu kilicho karibu zaidi, kwa hiyo ambaye hajatoa mchango aandikiwe 0, la sivyo fedha za walio juu yake hazitahesabiwa.

Ctrl+S ya kuhifadhi ibonyezwe kila baada ya aya. Word kwa kawaida hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, na umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme kwa muda mfupi), dakika hizo ni ukurasa mzima. Alt+Tab hukuhamisha kati ya programu zilizo wazi, F2 hubadilisha jina la faili uliyoichagua kwenye folda, na Windows+L hufunga skrini unapotoka kidogo. Kwenye laptopu nyingi, vitufe vya F huhitaji kushikiliwa pamoja na Fn.

Usijaribu kukariri mikato yote. Angalia kazi unayoirudia zaidi kwa siku, chagua mikato miwili au mitatu inayoihusu, uiandike kwenye karatasi kando ya skrini, na ujilazimishe kuitumia hata kama mwanzoni kipanya kingewahi. Mkato usioufahamu utauona ukiweka kishale cha kipanya juu ya alama ya kazi hiyo katika Word bila kuibonyeza. Mara nyingi huandikwa hapohapo.