Kompyuta Isiyowaka na Mtandao Usiopatikana: Kutafuta Kasoro katika Mwambao wa Mtwara

Katika miji ya mwambao kama Mtwara, Mikindani na Lindi, chumvi na unyevu wa baharini huingia hadi ndani ya kasha la kompyuta na kutua juu ya maungio ya chuma. Ndiyo maana mashine nyingi ninazoletewa hazina kifaa kilichokufa, bali zina sehemu mbili ambazo zilikuwa zikigusana na sasa hazigusani vizuri. Kabla ya kununua chochote, kagua maungio hayo kwa mpangilio, kuanzia soketi ya ukutani hadi ndani ya mashine.

Mashine isipoonyesha dalili yoyote ya uhai, chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile ili ujue kama umeme upo, kisha ijaribu ekstensheni kwa namna hiyo hiyo. Hakikisha waya umeingia hadi mwisho nyuma ya kasha, na kwamba swichi ndogo ya pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha) iko upande wenye alama ya I, si O. Pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe, kwa kuwa huhifadhi umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

Ikiwa feni inazunguka lakini kioo kinabaki cheusi, angalia kwanza waya wa kioo, halafu ugeukie RAM, yaani kibao cha kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mshukiwa wa kwanza huku pwani. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, na ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliosalia uishe. Fungua ubavu wa kasha, gusa chuma chake kisichopakwa rangi, kisha sukuma vishikizo vya RAM kwa nje na uinyanyue kwa kuishika kingo zake. Chini yake utaona safu ya vipande vyembamba vya rangi ya dhahabu. Vikiwa vimefifia au vina madoa meusi, visugue taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, uondoe chembe zote kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, na usipulize kwa mdomo, maana pumzi yako ina unyevu uleule tunaoukimbia. Unaporudisha, linganisha pengo la RAM na kizuizi kilichomo kwenye nafasi yake, kisha bonyeza ncha zote mbili mpaka usikie vishikizo vikijifunga, ka! Zikiwa RAM mbili, zijaribu moja moja. Kompyuta ya duka moja la steshenari, ambayo mwenyewe alikuwa ameshaambiwa anunue mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) mpya, iliwaka kwa kazi hiyo tu.

Mashine ikiwaka huku saa yake imerudi nyuma miaka kadhaa, badilisha betri ndogo ya duara iliyo kwenye mazabodi, kwa kawaida CR2032 yenye volti 3. Kasoro hii hufanana na ya mtandao, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe, na kompyuta yenye tarehe isiyo sahihi huvikataa. Watu hulaumu modemu bure.

Tatizo likiwa la mtandao kweli, uliza kwanza kama simu iliyounganishwa kwenye ruta ileile (kifaa kinachogawa intaneti) inapata intaneti. Ikipata, kasoro iko kwenye kompyuta. Isipopata, angalia salio la bando, kisha chomoa ruta kwa nusu dakika na uirudishe. Bado hola? Katika Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake ni kwamba kompyuta haikupewa anwani na ruta, hivyo kagua waya au nywila ya Wi-Fi. Ikiwa anwani ni sawa, andika ping, amri inayopima kama kifaa kingine kinajibu, ikifuatiwa na anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kisha ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google kwenye intaneti. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 isijibu, kwa kawaida kasoro iko baina ya ruta na mtoa huduma. Zote mbili zikijibu lakini tovuti hazifunguki, kagua mpangilio wa DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba.

Kwa wanaotumia waya, tazama kama taa ya tundu la mtandao inawaka, na kama kile kilimi cha plastiki cha plagi hakijavunjika, kwani plagi isiyo na kilimi hulegea kila meza inapotikiswa. Kwa wanaotumia Wi-Fi katika nyumba za kale za Mikindani, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, chagua masafa ya 2.4 GHz badala ya 5 GHz, kwa kuwa hupenya kuta vizuri zaidi ingawa kasi yake ni ndogo. Nayo yakishindwa, sogeza ruta hadi kwenye ukumbi ulio mkabala na mlango, au pitisha waya juu ya kizingiti.