Namna ya kutuliza hasira mwanafunzi anapokukaidi darasani

Mwanafunzi anapokujibu kwa kiburi mbele ya wenzake, moyo huanza kwenda mbio kabla hujapata nafasi ya kufikiri, na neno lolote utakalolitamka wakati huo litakuwa la hasira. Weka chaki mezani, vuta pumzi kwa pua, kisha itoe taratibu kwa muda mrefu kuliko ule uliotumia kuivuta. Rudia mara tatu au nne. Ndipo umsogelee na umwambie kwa sauti ya chini, "Tutazungumza baada ya kipindi," kisha uendelee kufundisha, maana akikosa watazamaji hana sababu ya kuendelea kushindana nawe.

Katika mazungumzo hayo, muulize kwanza ameamkaje. Huku kwetu Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, msimu wa korosho, wapo wanaofika shuleni wakiwa wameokota korosho tangu alfajiri bila kunywa hata uji, na ukaidi wao mara nyingi ni uchovu na njaa. Kuhusu viboko, kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinamruhusu kuvitoa mkuu wa shule pekee, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, navyo visizidi 4 na viandikwe kitabuni.