Kingereza cha biashara kipo kwenye invoisi zako
Kama unauza vitu na Kingereza cha biashara kinakupiga chenga, achana kwanza na zile listi za maneno 500, chukua invoisi (karatasi ya kukudai malipo) moja ya ukweli uliyopewa na sapulaya ukae nayo na kalamu. Neno usilolijua lizungushie, pembeni andika kwa Kiswahili linafanya kazi gani hapo. Mimi "balance" nilikuwa naijua ile ya kwenye simu, yani salio, hela niliyonayo, siku naona "balance due 180,000" nikafurahi nikajua nina changu pale, kumbe ndo deni lililobaki nilipe 😅 Na "net 30" sio uzito wala wavu, ni una siku 30 za kulipa, mara nyingi zinahesabiwa toka tarehe ya invoisi. Alafu usichanganye "quotation" na "invoice", ya kwanza unamtajia mteja bei hajakubali bado, ya pili unamdai. Ukishapata maneno kama kumi yatungie meseji ya wasap, hata ujitumie mwenyewe, "deposit received, balance due on Friday" (yani malipo ya awali yamefika, deni lililobaki ni la kulipwa Ijumaa), yanakaa kichwani haraka kuliko kukariri.